Mafuta ya Kupikia: Tupime kwa Kijiko, Si kwa Macho



Wodini tunawapokea mara kwa mara wagonjwa wa kiharusi na wa shinikizo la damu. Tunapozungumza na ndugu zao juu ya mafuta, wengi hujibu: "Sista, samli tuliacha zamani. Tunanunua yale yaliyoandikwa hayana kolesteroli."

Maandishi hayo ni ya kweli, lakini yasitudanganye. Mafuta ya mimea karibu yote hayana kolesteroli. Yatupasa kujiuliza mambo matatu: ni ya aina gani, yametunzwaje, na tunamimina kiasi gani?

Kwanza, aina. Mafuta yanayoganda kwa urahisi, kama samli, mafuta ya nguruwe na ya nazi, huongeza kolesteroli mbaya katika damu. Mawese mekundu ya Kigoma hutupatia vitamini A, lakini karibu nusu yake ni ya aina hiyo ya kuganda. Basi tuyatumie kwa kiasi. Kwa chakula cha kila siku, alizeti, ufuta na karanga ni bora zaidi kwa moyo.

Pili, utunzaji. Alizeti ya Singida ni nzuri, lakini chupa iliyoanikwa juani kando ya barabara huchacha upesi. Nunua iliyowekwa kivulini, uifunike, uiweke mbali na jiko. Mafuta yakianza kutoa moshi, punguza moto. Yale ya kukaangia yakiwa meusi na mazito, yamwage. Chipsi na maandazi yaliyokaangwa kwa mafuta ya juzi na jana si zawadi kwa mtoto.

Tatu, kiasi. Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Mtu mzima zinamtosha kama vijiko viwili vikubwa kwa siku, pamoja na mafuta ya mboga. Familia ya watu sita ikimaliza lita moja kwa siku tatu, kila mmoja amekula karibu vijiko vinne. Lita hiyo ingetosha siku sita, na fedha zingebaki za kununulia maharage na matunda. Hata alizeti, ikizidi, hunenepesha.

Lakini akina mama, nawasihi, msimnyime mtoto mdogo mafuta kwa kuogopa ugonjwa wa wakubwa. Tumbo lake ni dogo, na uji mtupu haumtoshi. Kijiko kidogo cha mafuta au karanga zilizosagwa vizuri katika uji wake humsaidia kukua.

Ni kawaida yetu kumsifu mpishi ambaye mchuzi wake unaelea mafuta. Mimi naona sifa hiyo tumeilipia kwa gharama kubwa. Jumapili hii, baada ya Misa, jaribuni kupika mkiwa na kijiko mkononi. Chakula kitakuwa kitamu vilevile, na baba na mama watabaki na watoto wao kwa miaka mingi zaidi.