Kifurushi cha Python hadi Bukima

Ukimtajia Mbongo neno kifurushi, kichwani zinamjia dakika, SMS na MB. Leo naomba tuongelee kifurushi cha aina nyingine, kile cha Linux, kwa sababu vijana wetu wa kompyuta wanakidharau na mimi naona wanakosea.

Twende taratibu. Python ni lugha ya kuandikia programu. Watu wameshaiandikia maktaba nyingi, yaani kazi zilizokwisha fanyika ambazo mwingine anaziazima badala ya kuanza upya. Moja inaitwa Babel. Hiyo ndiyo inayoisaidia programu kuandika tarehe, miezi na fedha kwa lugha ya mtumiaji, ili pale paliposomeka March pasomeke Machi. Kijana wa Sinza akiihitaji anaandika amri moja ya pip, inashuka kutoka mtandaoni, anaendelea na kahawa yake.

Sasa mpeleke kijana huyo Bukima, kule Majita, Musoma Vijijini, kando ya Ziwa Victoria. Tuseme shule ina kompyuta kumi za mtumba na mtandao wenyewe ni simu ya mwalimu. Maktaba moja inaita ya pili, ya pili inaita ya tatu, na bando la mwalimu linakata kabla kipindi hakijaanza.

Watu wa Debian, Linux iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, wana dawa yake. Mtu anakaa na Babel, anaandika inategemea nini, leseni yake ni ipi, inajengwaje kutoka kwenye msimbo wake na faili zikae wapi. Kinachotoka kinaitwa python3-babel, na data za lugha zimetengwa katika python-babel-localedata. Unavitia kwenye flashi pamoja na vyote vinavyovitegemeza, unapanda nayo gari, unaviweka kwenye mashine zote kumi bila kutumia MB hata moja. Tena tangu Debian 12 ya mwaka 2023, ukitaka kutumia pip kuingiza maktaba moja kwa moja kwenye Python ya mfumo, inakugomea. Wazee wa pip walilalamika sana. Mimi nilifurahi.

Najua mtaniambia kazi hiyo haina jina. Ni kweli. Nani atasimama kwenye mashindano ya ubunifu aseme, "Nimefungasha maktaba ya mtu mwingine"? Majaji wanataka app yenye nembo. Na Debian nayo ina mlango mwembamba: kama si mwanachama, lazima umpate mwanachama akague kazi yako na kuipandisha kwa niaba yako.

Lakini fungua kile kifurushi cha data uone. Kiswahili kimo, tena kimegawanywa kwa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Kimachame kimo. Kivunjo kimo. Kirombo nacho kimo (Wachaga jamani, hata huku mmewahi!). Kuna Kipare, Kishambaa, Kibena, Kilangi, Kimakonde. Kijita cha Bukima hakimo. Kikwaya hakimo. Hata Kizanaki, lugha ya nyumbani ya Mwalimu Nyerere, hakimo.

Debian haijamnyima mtu. Babel inachota data zake kutoka CLDR, hazina ya Unicode Consortium, na kisichokuwamo humo hakifiki kwenye Babel wala kwenye kifurushi. Kijita kina alama yake ya kimataifa tayari, jit. Kinachokosekana ni watu wa kuandaa data na kuzipeleka.

Ndiyo maana nikisikia mtu anatafuta mfadhili wa "app ya Kijita" nasikitika kidogo. App inakaa kwenye simu ya aliyeipakua na inakwisha na pesa za mradi. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kazi nzuri sana. Ila programu hutoa matoleo mapya kila mara, na tafsiri inataka mtu wa kuisogeza kila toleo hata baada ya mradi kufungwa. Kifurushi cha Debian kina jina la mtunzaji limeandikwa humo humo, na akichoka anakitangaza kuwa yatima, mwingine akichukue. Yatima anayejulikana analeleka.

Wajita mlioko UDSM, UDOM na kwingineko, pa kuanzia ni padogo: herufi za Kijita, siku za wiki, miezi, namna ya kuandika tarehe. Siku za wiki mtawauliza bibi zenu. Kwenye herufi najua mtabishana, huyu anaandika hivi, yule vile. Basi bishaneni mapema, mkimaliza tuletane hiyo orodha.