KIWANJA CHA KATIKATI YA MJI NI CHA NANI?

Ndugu Wafanya Kazi,

Kiwanja cha umma kikilala katikati ya mji, matajiri huanza kukizunguka. Mandera, mji wetu wa mpaka wa Kenya, Ethiopia na Somalia, waendelea kukua, na shauri hili hurudi kila mara. Mmoja asema kipewe tajiri ajenge maduka ya ghorofa. Mwingine asema zijengwe ofisi. Sisi twauliza: mfanya kazi atalala wapi?

Hatuulizi kwa mzaha. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi waliuawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Siku kumi baadaye, wachimba mawe 36 waliuawa usiku huko Koromey, nje ya mji, walikokuwa wamelala katika mahema karibu na machimbo. Julai 2015 wakauawa watu 14 Soko Mbuzi, wengi wao wachimba mawe pia. Watu hawa walichonga mawe ya kujengea nyumba za wengine, na wao wenyewe wakalala hemani!

Wenye fedha watajibu kwamba nyumba za wafanya kazi hazina faida. Je, mwaka 2015, walimu wengi walipokataa kurudi na madarasa yakakosa wa kufundisha, hasara ile ilitiwa katika hesabu ya nani?

Na tuangalie yaliyowapata wenzetu wa Muthurwa, Nairobi, katika nyumba za wafanya kazi wa reli zilizo karibu kabisa na katikati ya jiji. Ardhi ile iliingia mikononi mwa mfuko wa malipo ya uzeeni wa wafanya kazi wa reli. Mwaka 2010 wapangaji, na wastaafu wakiwa miongoni mwao, walipewa siku 90 wahame, kisha nyumba zikaanza kubomolewa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilisema haki zao zimevunjwa. Ikiwa mfuko wa wafanya kazi wenyewe waliweza kuugeuza hivyo, tajiri atatuhurumia kwa lipi?

Basi twadai mambo matatu:

1. Kiwanja kisiuzwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, yasema ardhi ya umma ya kaunti hushikwa na serikali ya kaunti kwa amana ya wakazi wake. Mshika amana si mwenye mali.

2. Zijengwe nyumba za kupanga, zenye ukuta na mlinzi, kwa kodi ambayo mshahara waiweza. Chini yake liwe soko: mahali pa akina mama wauza maziwa na mboga, na kivuli cha hamali na wenye mikokoteni ya punda. Mwenyeji na aliyetoka mbali wakae pamoja.

3. Hesabu iwekwe wazi kabla ya shauri kukatwa, wala si baada yake. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu, siku ya baraza mwalimu, muuguzi, hamali na mchimba mawe wakae safu moja. Tukinyamaza, kiwanja kitapata mwenyewe, nasi tutaambiwa tulishirikishwa.

UMOJA NI NGUVU.