Wanaoambiwa Wasubiri

Hoja dhidi ya watafiti vijana wa Afrika hutolewa kwa upole. Husikika kwenye makongamano, kwenye kamati za ruzuku na kwenye korido za idara, mara nyingi kutoka kwa watu wasio na nia mbaya hata kidogo, na kwa sababu ya upole huo hupita bila kujibiwa. Nimezikusanya zile ninazozisikia mara nyingi zaidi. Sitazijibu kwa urefu sawa, maana nyingine hazistahili.

"Vijana hawana uzoefu. Wasubiri zamu yao."

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa ya kugombania. Mpemba akaona akingoja yapoe atakosa pa kuweka, akayaingiza yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akahamia Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Huko swali likageuzwa utani, ikawa kila akikosea kitu anaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Kisha akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne, kutoa mhadhara. Mpemba akauliza kwa mara nyingine, wenzake wakacheka. Osborne alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lirudiwe, na mwaka 1969 makala ikachapishwa kwa majina ya wote wawili.

Hadi leo wanafizikia wanabishana. Wapo waliopima kwa makini wakasema hawaoni kitu. Wapo wanaosema jambo hilo hutokea katika hali fulani tu. Mimi sina ugomvi na upande wowote. Kinachonivutia ni sehemu ya hadithi ambayo wasimuliaji wengi huiruka: Mpemba aligundua kwamba wauza aiskrimu wa mjini Tanga walikuwa na desturi ya kuweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Uzoefu, basi, ulikuwepo, tena wa miaka, ila haukuwa kwa mwalimu. Na Osborne hakuutumia uzoefu wake kumwambia kijana angoje. Aliutumia kulipima swali lake. Sijui namna bora zaidi ya mzee kuwa na faida kwa kijana.

Umri wa kati wa Mwafrika ni takriban miaka 19. Kuwaambia vijana wasubiri ni kuliambia bara lisubiri. Thomas Odhiambo, mzaliwa wa Mombasa, aliandika katika jarida la Science mwaka 1967 akitaka Afrika Mashariki iijenge sayansi yake kwa ajili ya maendeleo yake. Mwaka 1970 akaanzisha icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichopo Nairobi hadi leo. Alikuwa na miaka 39.

Hapo mtu atanidaka: miaka 39 si ujana! Kwa Mkataba wa Vijana wa Umoja wa Afrika wa mwaka 2006, ambao unaishia miaka 35, ni kweli. Lakini mtafiti anayemaliza uzamivu akiwa na miaka 34, baada ya kufundisha sekondari ili apate ada, ndiyo kwanza anaanza. Kwa mwanamke aliyezaa watoto wawili katikati ya shahada, ukomo wa umri kwenye tangazo la ruzuku unamtoa nje kabla andiko lake halijasomwa. Wanaotaka maendeleo jumuishi wangeanza kwa kuhesabu miaka tangu mtu amalize shahada, badala ya miaka tangu azaliwe.

"Matatizo yetu yanajulikana. Tunahitaji utekelezaji, si utafiti zaidi."

Hoja hii ina mvuto kwa sababu inaonekana kumsemea mkulima. Basi twende shambani. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye muhogo ulielezwa kisayansi mwaka 1936 na H. H. Storey aliyekuwa Amani, kwenye milima ya Usambara. Ni ugonjwa wa hila: majani yanaweza kuonekana mazima, shina likasimama vizuri, na mkulima akachimba na kukuta mizizi imeoza kwa ndani. Kwa miongo kadhaa ilikuwa "inajulikana" kwamba ni tatizo la mwambao na nyanda za chini, haliwezi kusumbua juu ya mita 1,000. Kuanzia mwaka 2004 likaibuka Uganda, kwenye maeneo ya juu zaidi ya hapo. Baadaye ikathibitika kwamba virusi vinavyousababisha ni vya aina mbili. Anayeeneza ni inzi mweupe, lakini pia ni binadamu anayempa jirani pingili za kupanda kwa moyo safi kabisa.

Sasa jiulize huo utekelezaji ungekuwa upi bila utafiti. Ungegawa mbegu gani, wapi, na ungejuaje kwamba pingili unazozigawa hazina virusi? Sampuli za kuchunguza vinasaba zilikuwa zikisafirishwa nje, majibu yakichukua miezi, na msimu haumngoji mtu. Ndiyo maana kazi iliyofanywa mwaka 2018 na watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya pamoja na wenzao wa nje ilikuwa na maana kubwa: walichukua mashine ndogo ya kusoma vinasaba, inayoshikika kwa mkono mmoja, wakaipeleka mashambani, na mkulima akapata jibu la shamba lake akiwa bado na nafasi ya kuamua. Mafundi wa kazi ya namna hiyo, wanaojua kuchuja sampuli na kusoma takwimu kwenye kompyuta ndogo chini ya mti, ni kizazi kilichofundishwa miaka ya karibuni. Wazee wetu hawakuwa na vifaa hivyo vya kujifunzia.

Maji ya Arusha na Meru yanasema jambo hilohilo. Kila mtu anajua yana floraidi. Meno ya kahawia na miguu iliyopinda vinaonekana barabarani. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kwa miaka mingi Tanzania ililazimika kuruhusu 4 kwa sababu kiwango cha kwanza kilikuwa hakifikiki. Kujua kwamba tatizo lipo hakukuondoa hata miligramu moja. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia wa Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha, alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno zinazopangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 likashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, ikiwa ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Maneno ya kushika hapo ni "mahali husika". Huwezi kupanga chujio kama hujapima kisima.

"Tafiti zao huishia kabatini."

Nyingi, ndiyo. Hilo silikatai, na tasnifu iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma mtu wa kijiji kilichotafitiwa ina haki yake ya kupata vumbi. Lakini kabati halikujengwa na kijana. Anayeomba nakala tano zenye jalada gumu ni chuo, na asiyetenga hata siku moja ya kurudisha matokeo kijijini ni mfadhili.

Pale ambapo kazi imeachwa ikae mahali pamoja kwa muda wa kutosha, inatoka. Ghuba ya Gazi, Kwale, ilipoteza mikoko mingi kwa kuni za viwanda na nguzo za nyumba. Katika miaka ya 1990 mtafiti kijana wa wakati huo, James Kairo, alikuwa akipanda na kupima pale: mche gani unashika, kwenye tope gani, maji yakijaa kiasi gani. Vizazi kadhaa vya wanafunzi vikafuata, kila mmoja na kipande chake kidogo, huyu vipenyo vya mashina, yule kaboni iliyofukiwa ardhini. Mmoja mmoja, vipande hivyo vilikuwa hasa vya kabatini. Vilipounganishwa, mwaka 2013 wanakijiji wakaanza kuuza hewa ya kaboni kupitia mradi wa Mikoko Pamoja: hekta 117, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na mapato yakaenda kwenye maji na shule. Mwaka 2017 ukapata Tuzo ya Equator. Toka mche wa kwanza hadi malipo ya kwanza ilipita miaka kama 20. Anayedai tasnifu ya miezi tisa ilete matokeo kabla ya mahafali hajui anachokidai.

Hoja ndogo inayoitegemea hiyo, kwamba kijana achague mada yenye tija ya moja kwa moja, nitaijibu kwa kupe. Wangari Maathai, baada ya uzamivu wake wa mwaka 1971, alikuwa akikusanya kupe nje ya Nairobi kuchunguza ndigana. Huko akaona mito imejaa tope na ng'ombe wamekonda, akatambua kwamba kinachowamaliza hakikuwa kupe peke yao. Mwaka 1977 akaanzisha harakati za kupanda miti za Ukanda wa Kijani. Hakuna kamati ya vipaumbele ambayo ingemtuma kutafuta miti kwenye manyoya ya ng'ombe.

"Kuwashirikisha wananchi kunashusha ubora."

Katika bonde la Kilombero, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara waliwapa wanakijiji ramani na kuwaomba waonyeshe ni wapi mbu ni wengi. Kisha wakatega mitego. Kwa sehemu kubwa mitego ilikubaliana na wanakijiji. Ukizingatia gharama ya kutega mbu usiku baada ya usiku, huo ni ubora uliopatikana kwa bei ya penseli.

Na lugha zetu zina deni hapa. Masakhane, mtandao wa watafiti ulioanza mwaka 2019, umejenga tafsiri za kompyuta kwa lugha zaidi ya 30 za Afrika kwa kuwakaribisha walimu, wafasiri na wanafunzi wasio na shahada ya kompyuta, na kuwataja kama waandishi wa kazi hiyo. Makampuni makubwa yalikuwa yamezipita nyingi kati ya lugha hizo kwa miaka.

"Wakienda ng'ambo hawarudi."

Hilonga alisoma Korea Kusini, Kairo Ubelgiji, Odhiambo Cambridge. Walirudi. Wasiorudi nawaelewa: kemikali ya maabara ikikwama forodhani hadi imeharibika, uzalendo hautaifufua.

"Hakuna pesa."

Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 uliziagiza nchi za Afrika zitenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Mwaka 2007 viongozi wa Umoja wa Afrika wakarudia ahadi ileile, na nchi nyingi hazijafika hata nusu yake. Kenya ilikwenda mbali zaidi kwenye karatasi: sheria yake ya sayansi ya mwaka 2013 inataja asilimia 2 kwa mfuko wa taifa wa utafiti. Hazina haijawahi kukaribia kuitoa. Kwa hiyo pengo linazibwa na wafadhili wa nje, ambao hulipia maswali yao kwanza, jambo la kawaida kwa mwenye fedha yake.

Lakini hata katika umaskini huo kuna anayelipa, naye ni kijana. Anakwenda fildi kwa posho ya siku, bila mkataba wala bima, anabeba madodoso, anapanda bodaboda kwenye tope, anarudi na data, na makala inapotoka jina lake linakaa kwenye shukrani mwishoni, kama lipo. Hapo hazihitajiki asilimia 2 za pato la taifa. Inahitajika saini kwenye mkataba wa miezi sita, na mstari mmoja wa majina uandikwe upya na msimamizi ambaye makala bado iko mezani kwake.