Mtoto Anayejibembeleza Asifungwe

Waraka wa wazi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii,
Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,
Dodoma.

Ndugu Kamishna,

Siku moja mwaka jana, saa saba mchana, nilimfuata mjukuu wangu kwenye kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, hapa Dar es Salaam. Wenzake walikuwa wamelala mkekani. Yeye, mwenye mwaka mmoja na miezi kumi, alikuwa ameketi peke yake sakafuni, khanga imemzunguka kiunoni na ncha zake zimefungwa kwenye mguu wa benchi. Alikuwa ameshalia hadi sauti imekauka.

Dada wa zamu hakuwa mkatili. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba mtoto "anapandisha". Kila ikifika saa ya kulala hupiga magoti, huweka viganja mkekani, kisha huanza kwenda mbele na kurudi nyuma huku akiguna, na mara nyingine paji la uso hugonga ukuta. Mlezi mmoja alisema ni degedege. Mwingine akashauri aombewe. Mwishowe wakaona wamfunge asijiumize.

Nimefanya kazi ya unesi kwenye kliniki ya watoto hadi nikastaafu, na nimewasikia akina mama wengi wakinong'ona habari hiyohiyo kwa aibu. Mwingine kampaka mwanawe shubiri kwenye kidole gumba ili aache kukinyonya. Mwingine kamficha mtoto kwa wakwe. Nami nawajibu wote kwamba mtoto huyo anajibembeleza. Kiswahili kimeyaweka jirani maneno kubembea na kubembeleza, na kila mama aliyewahi kufunga mbeleko anajua sababu. Ndani ya sikio kuna sehemu inayohisi mwendo, na mwendo wa taratibu unaojirudia humtuliza mtoto. Mgongo wa mama usipokuwepo, mtoto huutafuta mwendo ule kwa mwili wake mwenyewe.

Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, Esther Thelen, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 20 katika mwaka wao wa kwanza. Walikuwa wazima kabisa, naye aliorodhesha aina 47 za miendo ya kujirudiarudia: kupiga mateke, kupunga mikono, kujitikisa kwa magoti na viganja muda mfupi kabla ya kuanza kutambaa. Watafiti wa usingizi nao wameona kwamba wakiwa na miezi 9, watoto wapatao 59 kati ya 100 hujitikisa, hugeuzageuza kichwa au hukigonga wanapotafuta usingizi. Wakifika miaka 5 hubaki kama 5 tu. Wengi huacha wenyewe, bila shubiri na bila kamba.

Lakini nisingeandika waraka huu kama jambo lingekuwa la kupuuzia tu. Mlezi asiyejua tofauti hukosea pande zote mbili: humfunga anayejibembeleza, na siku degedege lenyewe linapokuja halitambui. Anayejibembeleza ukimwita, ukimgusa au ukimpa kitu cha kuchezea, kwa kawaida huacha na kukutazama. Degedege halisikii jina. Kuna aina moja inayonitia hofu zaidi kwa sababu inaonekana ndogo: mtoto ambaye hajafikisha mwaka, mara nyingi akiwa ndiyo kwanza anaamka, hujikunja ghafla, kichwa kikaanguka mbele na mikono ikaruka, kwa sekunde moja au mbili tu, kisha ikarudia, na ikarudia tena. Watu hudhani kashtuka au tumbo linamsokota. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kuchelewa huumiza ubongo wake.

Kuhusu usonji, kujitikisa peke yake hakutoshi kuuthibitisha. Mlezi atazame pia kama mtoto wa mwaka mmoja hageuki akiitwa, kama wa mwaka na nusu haonyeshi kitu kwa kidole, au kama maneno aliyokuwa nayo yamepotea. Hapo mzazi aelezwe kwa upole aende kliniki mapema.

Lipo pia linaloihusu ofisi yako moja kwa moja. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Romania mwaka 1989, dunia iliona vituo vya yatima ambamo watoto walishinda wakijitikisa vitandani, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwapakata. Mtoto mmoja anayejitikisa dakika kumi kabla ya usingizi hana tatizo. Chumba kizima kikijitikisa mchana kutwa, tatizo ni la kituo, na afisa ustawi anayekagua angepaswa kuliona kabla hajahesabu matundu ya choo.

Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wadogo, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataka malezi yenye mwitikio. Neno zuri. Dada yule wa zamu hajawahi kuelezwa maana yake mbele ya mtoto anayegonga kichwa, nami simlaumu. Nilimwonyesha: tukausogeza mkeka mbali na ukuta, akaketi kando ya mtoto, akamwekea kiganja mgongoni bila kumzuia. Mtoto akabembea, akapunguza, akalala. Hatukutumia hata shilingi.

Ndugu Kamishna, naomba mambo mawili. Somo hili liingizwe kwenye mafunzo ya kila mlezi wa kituo kilichosajiliwa, kwa Kiswahili chepesi na kwa picha. Na kila afisa ustawi anapokwenda kukagua aulize: mtoto anayejitikisa hapa mnamfanyaje? Akijibiwa kwamba hufungwa, basi kituo hicho kisiachwe hivihivi hadi walezi wake wafundishwe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Bibi na nesi mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam