Moteri ya zamani si ya kutupa

Katika kooperative nyingi za kando ya ziwa Tanganyika, kutoka Uvira mpaka Kalemie, kuko neno moja linalorudi katika kila mkutano: "Moteri imezeeka, tuuzishe, tununue mupya." Mwaka huu limefika kwetu pia. Wenzetu wanaomba tuuzishe moteri zetu mbili za nguvu 40, zile za mapigo mawili, kisha feza yake tuiongeze juu ya akiba ili tupate moja mupya ya mapigo manne. Sisi wa kamati ya boti tunasema hapana, na tunapenda ndugu memba wajue juu ya nini.

Kwanza tukumbuke moteri hizo zinabeba nini. Wakati wa mvua barabara ya Uvira–Baraka inakatikaka, na kwa memba walio ng'ambo, Ubwari, barabara yao ni maji. Mihogo, mawese na ndagala, vyote vinapita katika boti. Boti ikikosa siku ya soko, mihogo inaweza kungoja. Ndagala mbichi hazingoje. Na kuko jambo kubwa kuliko mali: kutoka mwezi wa tano mpaka wa tisa upepo wa kusini unapanda, na moteri ikikufa katikati, pale kina hakifikiwe na nanga yoyote, boti inageuka ubavu kwa mawimbi na watu ndani yake. Mutu anayesema "tutakuwa na moja nzuri" ajiulize: siku hiyo moja itakapolala, nani atakwenda kuwavuta wenzake?

Hatuseme moteri mupya ni mbaya. Ya mapigo manne inakunywa esansi kidogo, haitoe moshi mingi, haimwage mafuta katika maji tunayokunywa. Ni kweli, na kwa bei ya esansi ya sasa si jambo dogo. Lakini fungua kifuniko chake. Kuko valvu, kuko mukanda, kuko mafuta yake ya kubadilisha, na katika nyingi za sasa kuko hata kompyuta ndogo inayoamua esansi iingie namna gani. Ikisimama Kazimia, nani ataifungua? Ile ya mapigo mawili haina valvu za namna hiyo. Iko na buji, karbirateri, pompi ya maji na pistoni. Fundi wa kijiji akiwa na funguo chache anaweza kufika karibu kila mahali.

Tena, kwa tunavyoona, moteri hizi hazikufake na uzee. Zinakufa na esansi.

Chukua mchanganyiko. Kitabu cha moteri kikiomba sehemu 50 za esansi kwa 1 ya mafuta, bidoni ya litri 20 inaomba mililitri 400. Watu wanapimaka kwa macho, ao kwa chupa kubwa ya bia: nusu ya chupa, basi. Lakini chupa hiyo ni mililitri 720. Nusu yake ni 360, haifike. Ukipunguza kila siku, siku moja pistoni itashika na moteri itasimama kama jiwe. Wengine wanaongeza mingi "juu ya usalama," kisha buji zinakuwa nyeusi na mafuta-mafuta, moteri inakataa kuwaka, na kapita anasema imezeeka. Kwa moteri iliyotoka kutengenezwa ndani, pistoni ao segma mupya, wengi wanaomba mara mbili, yaani mililitri 800 kwa bidoni, kwa masaa ya kwanza tu. Kipimo cha mililitri, hata kile cha dawa za shamba kilichooshwa vizuri, kinamaliza mabishano hayo yote.

Kisha maji ndani ya esansi. Esansi ya kando ya njia inapita katika mapipa mangapi mbele ya kutufikia? Maji ni mazito kuliko esansi, yanakaaka chini. Basi acha bidoni itulie, mimina polepole kupitia kitambaa safi, na ile ya chini kabisa usiitie. Ni kazi ya dakika kumi ambayo vijana hawapendi.

Kuko jambo lingine la kuchekesha, lakini limeharibu karbirateri nyingi. Moteri inawaka vizuri, inakwenda dakika chache, inakufa. Unafinya ile pwari ya mpira, inawaka, inakufa tena. Wanafungua karbirateri pale pale juu ya maji, visi ndogo inaangukia ziwani. Na shida ilikuwa visi ya hewa juu ya kifuniko cha tanki: haikufunguliwa. Esansi haiwezi kutoka kama hewa haiingie. Angalieni hapo mbele ya kushika tournevis.

Maji ya kupooza nayo. Moteri inapotembea inakojoa. Kapita aangalie mkojo huo kama mama anavyoangalia mtoto mgonjwa. Ukikatika, zima. Usiseme "tufike kwanza." Mara nyingi ni mchanga ao kipande cha plastiki kimeziba. Kama si hivyo, ni mpira wa pompi umechakaa, maana pwani zetu ni za mchanga na kila boti inayokwaruza inauvuta ndani. Mpira huo ni piesi ya bei ndogo, na memba aliyefundishwa anaubadilisha kwa asubuhi moja. Kuwasha moteri nje ya maji "kusikia sauti tu" kunauunguza haraka sana.

Sasa tuwaambie na wale wa upande mwingine, wanaoamini kila kitu kinatengenezwa na waya na sabuni. Hapana. Katika moteri ndogo, pini ya elisi ni laini kwa makusudi: elisi ikipiga jiwe, pini inavunjika ili meno ya ndani yasivunjike. Ukitia msumari wa chuma kigumu, msumari unabaki mzima na boati ya vitesi inakwenda. Mafuta ya boati yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia. Kuongeza mengine juu yake si kutengeneza. Na moteri ikizama ikiwa inatembea, msivute kamba kwa nguvu, biela inaweza kuwa imepinda. Kama ilizama ikiwa imezimwa, toeni buji, mwage maji, tieni mafuta, muiwashe siku ile ile. Ikilala imelowa, kutu inaanza. Kufungua moteri katikati ni kazi ya fundi, na fundi huyo arudishe mkononi mwetu kila piesi ya zamani aliyotoa. Kuko wanaolipisha piesi mupya na kurudisha ile ile iliyosafishwa.

Hapo ndipo tunataka feza ya akiba iende. Kila safari iache kitu katika kisanduku cha moteri mbele ya kugawa faida, si nyuma, maana nyuma hakubakie kitu. Kila boti ibebe buji mbili, ufunguo wake, kamba ya kuwashia, pense, tournevis na pagai. Memba wawili wafundishwe, na mmoja awe mwanamke kati ya wachuuzi wa ndagala, maana ndio wanaosafiri kila juma na ndio wanaojua moteri ilianza kukohoa siku gani. Daftari moja iandikwe: tarehe, masaa, nini kimebadilishwa, nani alilipa.

Katika mkutano mkuu tutaleta hesabu ya piesi ambazo moteri zote mbili zinahitaji. Wenzetu wanaotaka kuuzisha, nao walete bei ya moteri yao mupya, pamoja na bei ya mpira wake wa pompi na jina la mji ambako unapatikana.