Nani Aulipie Utafiti wa Uhuru?

Mwezi wa Julai mwaka 1955, huko Matombo katika milima ya Uluguru, polisi wa serikali ya kikoloni walimwua mtu mmoja kwa risasi. Waluguru walikuwa wakilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko yao, kazi iliyofukua udongo usio na rutuba na kuufukia ulio nayo. Walikataa, na mpango ukaachwa.

Ndugu wanachama, kisa hiki kimetufikiaje? Kitabu mashuhuri juu yake kilitolewa London mwaka 1960, na watungaji wake ni Roland Young, mwalimu wa chuo kikuu cha Marekani, na Henry Fosbrooke, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Hatuwalaumu; kazi yao yafaa hata leo. Lakini mbona kukataa amri kwa mkulima kukaandikwe na mgeni pamoja na mtumishi wa dola iliyotoa amri? Chini ya milima hiyohiyo, Mzumbe, serikali ilifungua skuli mwaka 1953 ya kuwafunza machifu na watumishi wao. Fedha za kufunza kutawala zilipatikana upesi.

Skuli ile sasa ni Chuo Kikuu Mzumbe. Ufadhili wa Samia, ulioanzishwa mwaka 2022, uliwalenga wanafunzi wa sayansi, na ni jambo jema. Ama mwenye shahada anayetaka kuchunguza jamii huru ni ipi, au vipi sheria ya takwimu ilirekebishwa mwaka 2018 hata kutangaza hesabu za kuzipinga za serikali kukawa kosa, mpaka ilipolegezwa mwaka 2019, huyo aghalabu hubisha mlango wa ng'ambo.

Na mlango huo una mambo yake. Jarida la Transition la Kampala, lililoanza mwaka 1961, lilikuwa uwanja wa fikra huru. Mwaka 1967 ikafichuka kwamba jumuiya iliyolisaidia ilikuwa ikilishwa fedha na majasusi wa Marekani. Mwaka 1968 mhariri wake, Rajat Neogy, akatiwa kizuizini na serikali ya Obote. Waandishi hawakuwa vibaraka, lakini fedha zile ziliwapa maadui zao la kusema.

Kwa hiyo twapendekeza mfuko wetu wenyewe, kila tawi la Unguja na Pemba likitoa kidogo, hata ukimsomesha mwanafunzi mmoja tu wa uzamili kwa mwaka. Achaguliwe na walimu wake, si na viongozi wa chama, wala asilazimishwe kutuletea maandishi yake tuyapitie kabla hayajatoka.

Wako watakaouliza: tutoe fedha zetu ili kijana akaandike kuwa matawi yetu hayaendeshi chaguzi zake ipasavyo? Naam. Na akiandika hivyo, yachapwe humuhumu, katika ukurasa wa kwanza.