Wengi Wakikosea, Tufanye Nini? Demokrasia, wakosoaji wake na swali la mzee wa Mungaa

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata uongofu wake.

Ndugu Waislamu, siku moja tulikuwa Mungaa, mkoani Singida, katika msimu wa kuvuna alizeti. Baada ya Sala ya Ijumaa tuliketi uani mwa msikiti pamoja na wazee na vijana kujibu maswali. Mzee mmoja mkulima akasema: "Shehe wetu, kila baada ya miaka mitano tunaitwa kupiga kura. Wapo wanaotuambia kwamba mambo hayo ni ya Wazungu. Mimi hilo silijui. Ninachokijua ni kuwa Mwenyezi Mungu ametutahadharisha tusiwafuate watu kwa wingi wao tu. Sasa ikiwa wengi wanaweza kupotea, kura ni ya nini?"

Baadhi ya vijana walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu mzee yule, bila ya kujua, alikuwa ameuliza swali ambalo wanafalsafa wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Siku ile tulimjibu kwa ufupi. Leo, inshallah, tutajaribu kulijibu kwa urefu kidogo, kwa kuwa ni swali linaloulizwa pia katika nyumba zetu nyingi.

NINI MAANA YA DEMOKRASIA HURIA?

Kinachoitwa leo demokrasia huria ni kamba iliyosokotwa kwa nyuzi mbili. Uzi wa kwanza ni utawala wa wengi: watu huchagua viongozi wao, na wakichoka nao huwaondoa. Uzi wa pili ni mipaka ya utawala huo. Hata wengi wakitaka, hawana ruhusa ya kumnyang'anya mtu mmoja uhai wake, dini yake, mali yake au sauti yake. Kwa ajili hiyo huwekwa katiba, mahakama iliyo huru, na vyombo vya habari visivyoogopa.

Watu wengi wanaposikia neno demokrasia huufikiria uzi wa kwanza peke yake. Ndiyo maana hata mzee wetu aliuliza juu ya wengi, asiulize juu ya mipaka. Tutaona hivi punde kwamba jawabu la swali lake limo katika uzi huo wa pili.

WALIOIKOSOA

Wakosoaji wa mfumo huu si wachache, wala si wajinga. Plato wa Ugiriki ya kale alishuhudia mji wake wa Athens ukimhukumu kifo mwalimu wake, Socrates, mwaka 399 kabla ya Nabii Isa (A.S.) kuzaliwa. Waliohukumu walikuwa raia wa kawaida, na walihukumu kwa kura. Baada ya hapo Plato hakuuamini tena umati. Alitaka dola iongozwe na wenye hekima.

Karl Marx, katika karne ya 19, alilaumu kwa njia nyingine. Alisema kwamba uhuru unaoandikwa kwenye katiba humfaa mwenye mali, na kwamba tajiri na maskini wakiitwa sawa mbele ya sheria bado mmoja humlaza mwenzake na njaa. Nani kati yetu, aliyeona kanga na sukari vikigawiwa wakati wa kampeni, atakayesema hapana ukweli ndani ya maneno hayo?

Mjerumani Carl Schmitt, mwaka 1923, aliandika kwamba bunge limekuwa mahali pa maneno matupu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1933, bunge la nchi yake lilipitisha sheria iliyomkabidhi Adolf Hitler madaraka ya kutunga sheria peke yake, na Schmitt akajiunga na chama cha Hitler. Maneno matupu yalikwisha kweli. Yaliyofuata dunia nzima inayajua.

Katika wanazuoni wetu, Sayyid Abul A'la Mawdudi wa Pakistani alifundisha kwamba mwenye mamlaka ya juu kabisa ni Allah peke Yake, na kwamba binadamu ni khalifa Wake tu katika ardhi. Kwa hiyo hakuna bunge lenye haki ya kuhalalisha alichokiharamisha Muumba. Hilo ni sahihi, na Mwislamu hana shaka nalo. Lakini Mawdudi huyo huyo hakusema kwamba watu wasishauriwe. Alisema ukhalifa huo ni wa waumini wote, si wa mtu mmoja wala wa ukoo mmoja.

HOJA YA MWALIMU

Hapa kwetu mkosoaji mkubwa alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1963 aliandika kijitabu juu ya demokrasia na mfumo wa vyama. Hoja yake, kwa muhtasari, ilikuwa kwamba vyama vya Ulaya vilizaliwa na mapambano ya matabaka, ilhali Tanganyika ilikuwa na jambo moja la kupigania na chama kimoja kilichowakusanya wote. Kuanzisha vyama vya kushindana, aliona, ni kuleta ugomvi mahali ambapo haupo. Aliukumbusha umma utaratibu wa wazee wa Kiafrika waliokuwa wakizungumza mpaka wakakubaliana.

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu yake, na haikuwa maneno tu. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, wagombea ubunge wawili wa TANU walishindanishwa, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Watu wakachagua kweli kweli, hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, akakiacha kiti chake. Aidha nchi yenye makabila zaidi ya mia moja ilikaa bila ya vita vya kikabila. Hiyo ni neema ambayo majirani zetu wengi waliikosa.

Lakini tuseme na upande wa pili. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila ya kumfikisha mahakamani. Mwaka huo huo, katika uchaguzi wa rais, Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC alipata kura 21,276 dhidi ya 1,127,978 za Mwalimu. Kura zile 21,276 zilikuwa za watu wenye akili timamu, waliolipa kodi na kulima. Baada ya miaka mitatu hawakuwa tena na chama cha kukipigia kura. Katika karatasi ya urais kuanzia mwaka 1965 likabaki jina moja, na maneno mawili: ndiyo au hapana. Mwaka 1968 Waislamu nasi tulionja, pale jumuiya yetu ya East African Muslim Welfare Society ilipopigwa marufuku. Aliyeona uchungu hakuwa na mahali pa kwenda kuusema. Na wale wazee waliozungumza mpaka wakakubaliana, tuulize pia: mama zetu walikuwa wamekaa wapi? Na vijana?

WANANE NA WAWILI

Mwaka 1990 Mwalimu mwenyewe aliwataka Watanzania wajadili bila ya woga suala la vyama vingi. Mwaka uliofuata Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Tume ilizunguka nchi nzima na kupokea maoni ya watu zaidi ya 36,000. Matokeo yake yanajulikana: karibu wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi miongoni mwao walitaka kirekebishwe. Wawili tu ndio waliotaka vyama vingi.

Kwa hesabu ya uzi wa kwanza peke yake, mjadala ulikuwa umekwisha. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Hoja iliyoshinda ni kwamba wale wanane hawapotezi chochote wenzao wakiruhusiwa kuwa na chama chao, bali wale wawili hupoteza kila kitu wakikatazwa. Mwenye kupenda chama kimoja aendelee kukipigia kura. Amzuie nini jirani yake? Tume ilitaja pia sheria 40 zilizokuwa zikiwabana watu, ikataka zifutwe au zirekebishwe.

Hapa ndipo tulipomrejesha mzee wetu. Alidhani kura ni njia ya kuwafanya wengi wawe na haki daima. Sivyo. Utaratibu mzuri huanza kwa kukiri kwamba wengi wanaweza kukosea, kisha humlinda yule mmoja anayesema "mmekosea", ili kesho awepo mtu wa kuwarudisha.

MUNGAA YENYEWE

Watu wa Mungaa hawahitaji mfano wa Athens. Jimbo lao la Singida Mashariki lilimchagua Tundu Lissu wa CHADEMA, mzaliwa wa kijiji cha Mahambe huko huko kwao, mwaka 2010 na tena mwaka 2015. Tarehe 7 Septemba 2017 alipigwa risasi mjini Dodoma, akapelekwa Nairobi na baadaye Ubelgiji kwa matibabu. Juni 2019 Spika alitangaza kwamba kiti chake kiko wazi, kwa sababu ya kutohudhuria vikao bila ya taarifa na kutowasilisha tamko la mali. Mwezi uliofuata mgombea wa CCM akatangazwa kuwa mbunge kwa kupita bila ya kupingwa.

Hatuandiki ili kumsifu mwanasiasa au kumlaumu mwingine. Wapo Mungaa waliompenda mbunge wa kwanza na wapo waliompenda wa pili. Tunawatazama wapiga kura. Katika mabadiliko yale hawakuulizwa, si wa upande huu wala wa upande ule. Hata mwana CCM wa Mungaa aliyetaka kwenda kituoni kumpa kura mtu wake hakuipata nafasi hiyo. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024 iliondoa utaratibu wa kupita bila ya kupingwa: mgombea akibaki peke yake, wananchi humpigia kura ya ndiyo au hapana. Hiyo ni hatua, ingawa waliokuwepo mwaka 1965 wataikumbuka karatasi hiyo.

Kisha ukaja mwaka 2025. Aprili, Lissu, aliyekuwa akidai mabadiliko kabla ya uchaguzi, alishitakiwa kwa uhaini, na chama chake kikaondolewa katika uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Siku ya kura, tarehe 29 Oktoba, zilizuka ghasia katika miji kadhaa, intaneti ikazimwa, na roho za watu zikapotea. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66, na Novemba serikali iliunda tume ya kuchunguza yaliyotokea. Asilimia hiyo inakaribia ile ya mwaka 1962. Kura zinapokuwa nyingi kiasi hicho, mwenye busara huuliza wasiokubali wako wapi, na watasema kupitia mlango gani. Maji yakizibiwa mfereji hayakauki, hutafuta ukuta wa kubomoa.

FUNZO LA UHUD

Wapo watakaosema: mbona wakubwa wa dunia wanaotuhubiria demokrasia huigeuka inapowaleta wasiowataka? Ni kweli. Desemba 1991 chama cha FIS kiliongoza duru ya kwanza ya uchaguzi Algeria; Januari 1992 jeshi likaufuta, na wahubiri wengi wa demokrasia wakanyamaza. Lakini unafiki wa mwuza dawa haumponyi mgonjwa, wala hauifanyi dawa kuwa sumu.

Nasi tunalo letu la kulitazama. Mwaka wa tatu wa Hijra, Maquraishi walipokuja kuishambulia Madina, Mtume (S.A.W.) aliona bora kubaki mjini na kujihami. Wengi, hasa vijana ambao hawakuwahi kupigana Badr, walitaka kutoka. Mtume (S.A.W.) akaifuata rai yao. Yaliyotokea Uhud mnayajua: masahaba wapatao sabini waliuawa shahidi, akiwemo Hamza (R.A.), ami yake Mtume. Kama kungekuwa na siku ya kufuta mashauriano, ingekuwa siku ile. Badala yake, katika aya zilizoteremka baada ya msiba huo, Allah (S.W.) alimwamrisha Mtume Wake awasamehe, awaombee maghufira na aendelee kushauriana nao katika mambo (3:159).

Tazameni, ndugu zangu. Ikiwa Mtume, aliyekuwa akipokea wahyi, hakuruhusiwa kuwaacha watu wake kwa kuwa rai yao iliwaletea hasara, ni mtawala gani wa leo atakayesema, "Hawa hawajui, nitawaamulia"? Na ile aya aliyoikusudia mzee wetu (6:116) inazungumzia haki na upotevu katika kumjua Mungu. Halali na haramu hatuzipigii kura. Kisima kichimbwe wapi, ushuru wa alizeti uwe kiasi gani, nani ashike fedha za kijiji, hayo ni ya mashauriano.

NASAHA KWA FAMILIA

Kwanza, mtoto akipinga kwa adabu nyumbani, asikilizwe. Anayenyamazishwa na baba hujifunza kunyamaza mbele ya kila mwenye nguvu, au kunyamazisha wenzake atakapopata nguvu.

Pili, kura ni ushahidi, na ushahidi hauuzwi kwa kanga.

Tatu, jirani wa chama kingine abaki kuwa jirani. Tuzikane, tusalimiane, tusali safu moja.

Nne, vijana wajiepushe na kuharibu mali na kumwaga damu, na wenye mamlaka wakumbuke kwamba damu hiyo hiyo wataulizwa nao.

Mzee wa Mungaa alipotusikiliza mpaka mwisho alisema tu: "Basi mimi nikiwa peke yangu nisinyamaze." Tukamwambia, naam, na sisi wengine tusikunyamazishe.

Twamwomba Allah (S.W.) awarehemu waliotangulia, aipe nchi yetu uadilifu na amani, na atujaalie tuwe wenye kushauriana katika mambo yetu. Amin.

Wallahu a'lam.